Kocha mzee wa ngumi anaacha: tumuage vipi huku Ireland?

Swali: Shikamoo mwalimu. Naishi na familia yangu katika mji mdogo wa Ireland, karibu na mpaka wa Ireland ya Kaskazini, iliyo chini ya Uingereza. Watoto wangu wawili, wa kiume na wa kike, wanacheza ngumi za ridhaa kwenye klabu ya mtaa. Kocha mkuu ana miaka sabini na kitu. Amejitolea pale karibu miaka arobaini bila mshahara, na mwakani anaacha. Wazazi wameniweka kwenye kamati ya kumuaga. Nilipopendekeza tuchange tumpe bahasha nono, kama tunavyofanya kwetu Tanga, wote wakanyamaza. Nimekosea wapi? Na wenyeji wa huku humheshimu vipi mtu kama huyu?

Jibu: Marahaba, dada. Kimya kile usikichukue kama dharau. Wenzako walikuwa wanatafuta namna ya kukukatalia bila kukuumiza, na Mwairishi akifika hapo huanza kukagua kikombe chake cha chai.

Tuanze na bahasha, maana ndiyo inayokusumbua. Kwetu bahasha ni heshima kamili: inatangazwa, inapigiwa vigelegele, na aliyetoa anajulikana. Kwa mtu aliyejitolea katika ngumi za ridhaa hapa, kutolipwa ndiyo cheo chake. Ameweka mafuta gari lake kwa fedha zake ili awafikishe watoto wa watu mashindanoni Jumamosi asubuhi. Amenunua bandeji za mikono na kinga ya meno kwa mtoto ambaye nyumbani hali ilikuwa ngumu, na hakumwambia mtu. Ukimsimamisha ukumbini ukamkabidhi euro mia tano, kila aliyekaa pale atapiga hesabu bila kutaka: miaka arobaini, jioni tatu kwa wiki, kumbe thamani yake ndiyo hii. Atashukuru, maana ni mtu wa adabu, lakini hatakwenda nyumbani na furaha.

Halafu kuna suala la vitabu vya fedha. Klabu ni chama chenye katiba, mweka hazina na mkutano mkuu wa mwaka ambako hesabu husomwa. Fedha zilizochangwa kwa ajili ya glavu na ulingo haziwezi kugeuzwa zawadi ya mtu kwa sababu tu tumefurahi. Mkichanga kwa ajili yake, fungueni mfuko wa pembeni, watu wawili wausimamie, na michango isitajwe majina wala viwango. Zitumieni kununua kitu. Chombo cha kioo cha Waterford, chapa maarufu ya Ireland, chenye jina lake ni zawadi ya kawaida sana kwenye hafla za namna hii, ingawa kabati lake huenda limeshajaa vioo. Mimi ningemlipia safari ya wiki moja, yeye na mkewe, mahali pasipo na ulingo. Mama huyo amekula chakula cha jioni peke yake tangu miaka ya themanini.

Sasa nikueleze mnamuaga nani hasa, maana hilo ndilo litakaloamua mseme nini.

Chama cha ngumi za ridhaa cha Ireland, IABA, kiliundwa mwaka 1911, kabla kisiwa hakijagawanywa, na mpaka ulipochorwa chenyewe hakikugawanyika. Hadi leo kinasimamia kisiwa kizima, mikoa yote minne: Leinster, Munster, Ulster na Connacht. Mtoto wa Belfast mwenye pasipoti ya Uingereza na mtoto wa Cork wanagombea ubingwa wa taifa mmoja, katika jengo lilelile la National Stadium, barabara ya South Circular, Dublin. Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 1939. Lilijengwa mahsusi kwa ngumi, na aliyelisukuma mbele alikuwa Jenerali W.R.E. Murphy, naibu mkuu wa polisi aliyekuwa pia rais wa chama. Mwaka huohuo mashindano ya Ulaya yakafanyika humo, na wenyeji wakatwaa dhahabu mbili, za Jimmy Ingle na Paddy Dowdall.

Kutoka medali ya fedha ya John McNally, Helsinki 1952, hadi dhahabu ya pili ya Kellie Harrington, Paris 2024, ngumi zimeiletea Ireland medali 19 za Olimpiki. Hakuna mchezo mwingine wa nchi hii unaokaribia hapo. Na kila moja kati ya hizo ilianzia kwenye chumba kama kile unachowasubiria watoto wako: dari la chini, harufu ya jasho na dawa ya kuchua, saa ya ukutani inayolia kila dakika tatu, na mzee mmoja mwenye funguo mfukoni.

Hapa ndipo penye kidonda ambacho watu wa klabu hawakisemi hadharani. Mwaka 2003 chama kilianzisha kitengo cha mabondia wa kiwango cha juu, chenye makocha wanaolipwa. Billy Walsh wa Wexford, aliyepigana Seoul 1988, na Zaur Antia, aliyetoka Georgia, walikijenga kikawa cha kuogopwa. Matokeo yakaonekana: medali tatu Beijing 2008, nne London 2012, ikiwemo dhahabu ya Katie Taylor. Siwabezi hata kidogo. Kazi yao ilikuwa ya hali ya juu. Ila kwa kocha wa klabu maana yake ni kwamba mtoto aliyempokea akiwa na miaka kumi, akamfundisha kusimama, akampeleka kwa daktari, akamrudisha mazoezini alipotoroka kwa sababu ya rafiki wa kike, siku ya fainali kubwa anakaa kwenye kona ya mtu mwingine. Yeye mzee yuko nyumbani mbele ya televisheni. Kwenye picha ya magazeti hayumo.

Ndiyo maana watu wa rika lake bado wanaizungumzia Barcelona 1992. Michael Carruth, koplo wa jeshi, alimshinda Mkyuba Juan Hernández Sierra akatwaa dhahabu ya kwanza ya Ireland katika ngumi. Kwenye kona yake walikuwepo Nicolás Cruz, kocha Mkyuba aliyekuwa akifanya kazi Ireland tangu 1988, na Austin Carruth, baba mzazi wa bondia na kocha wa klabu yao ya Drimnagh. Kocha wa klabu alikuwa pale, ndani ya picha. Hilo halitokei mara nyingi.

Kwa hiyo heshima ya kwanza, na kwa maoni yangu kubwa kuliko zote, haigharimu kitu: waliopita mikononi mwake wamtaje kwa jina mbele ya watu. Usianze na bingwa peke yake. Klabu nyingi hazina bingwa wa taifa, na zenye bingwa hupenda kusahau wengine mia. Tafuteni yule aliyepoteza mapambano yote akawa fundi bomba mzuri. Tafuteni aliyepitia gerezani akarudi. Tafuteni msichana aliyekuja kabla wasichana hawajaruhusiwa kupigana. Kumbuka pambano la kwanza rasmi la wanawake nchini lilifanyika Oktoba 2001, pale National Stadium, Katie Taylor akiwa na miaka 15. Kabla ya hapo msichana aliweza kupiga begi tu, kama kocha alikuwa na moyo wa kumfungulia mlango. Harrington mwenyewe alipokwenda klabu ya mtaa wao Dublin akiwa mdogo, jibu la kwanza lilikuwa kwamba hawachukui wasichana. Kama mzee wenu alifungua mlango mapema, hilo lisemwe, na lisemwe na mwanamke aliyepita hapo.

Na lisemwe kwa mambo halisi. Hotuba za kuaga zinakufa kwa maneno makubwa: mzalendo, nguzo, hazina ya jamii. Mzee atainamisha kichwa na kusubiri ziishe. Chukua mfano wa Chick Gillen wa Galway. Ukisema alikuwa kocha aliyejitoa mhanga, umesema kitu kinachofaa kwa yeyote. Lakini ukisema alikuwa kinyozi, kwamba alimfundisha Francis Barrett, kijana wa jamii ya kuhamahama ya Travellers wanaobaguliwa sana nchini humu, kwamba ukumbi wao ulikuwa kontena la chuma kwenye kambi, na kwamba mwaka 1996 kijana yuleyule wa miaka 19 alibeba bendera ya Ireland kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Atlanta, hapo huhitaji tena neno la sifa. Kontena linatosha. Tafuteni kontena la mzee wenu. Lipo, watu wa kamati wamelizoea tu hawalioni.

Mfano mwingine uko upande wa pili wa mpaka wako, safari fupi kwa gari. Gerry Storey wa klabu ya Holy Family, eneo la New Lodge, Belfast, aliendesha mazoezi miaka yote ya machafuko ya Kaskazini, wakati mtu aliweza kuuawa kwa kuvuka mtaa usio wake. Alifundisha Wakatoliki na Waprotestanti pamoja. Aliwapeleka mabondia wake kupigana katika mitaa ya pande zote mbili, na wenye silaha wa kila upande wakawaacha wapite. Akaingia hata gereza la Maze kuwafundisha wafungwa wa pande zote. Hugh Russell, aliyetwaa shaba Moscow 1980, alitoka mikononi mwake. Mwaka 2005 Storey alipewa tuzo ya kimataifa ya Laureus ya michezo kwa manufaa ya jamii, tuzo ileile iliyowahi kwenda kwa Kipchoge Keino na kwa MYSA, chama cha vijana wa Mathare, Nairobi. Ukiwaambia hilo wajumbe wenzako watashtuka kidogo, na wewe utakuwa umepata pa kuanzia mazungumzo.

Lakini tembea Belfast hiyohiyo uangalie sanamu za mabondia. Rinty Monaghan anayo. John Caldwell anayo. Makocha wao sijawaona kwenye jiwe lolote, na sidhani wangetaka.

Hili linatupeleka kwenye heshima za kiserikali, ambazo najua mtu atazitaja kwenye kikao chenu kijacho. Hapa mpaka una maana kubwa, kwa hiyo nisikilize kwa makini.

Jamhuri ya Ireland haina nishani za namna ya Uingereza. Katiba yake, ibara ya 40, inakataza dola kutoa vyeo vya kikabaila, na raia haruhusiwi kupokea cheo cha ukabaila au cha heshima kutoka nje bila idhini ya serikali. Kwa hiyo hakuna barua mnayoweza kumwandikia rais ili mzee avishwe medali. Upande wa Kaskazini utaratibu wa Uingereza unatumika, na mtu yeyote anaweza kumpendekeza mwingine. Mambo matatu hukosewa hapo. Pendekezo linahitaji walau barua mbili za watu wanaomjua. Linachukua kati ya miezi 12 na 18. Na mtu anatakiwa awe bado anaifanya kazi hiyo anayosifiwa nayo. Kamati nyingi hukumbuka baada ya sherehe ya kuaga, wakati dirisha limeshafungwa.

Kuna jambo la nne ambalo fomu haitakuambia. Medali inayotolewa mara nyingi kwa watu wa kujitolea mitaani inaitwa British Empire Medal, yaani Medali ya Himaya ya Uingereza, na katika kisiwa hiki neno himaya si jepesi. Yupo atakayeipokea kwa machozi ya furaha, na yupo jirani yake mlango wa pili ambaye mtamharibia jina kwa kumpendekeza tu. Utaratibu unataka mhusika asijue, ila mtoto wake mkubwa anaweza kukuambia kwa dakika moja kama ni jambo la kuthubutu. Na kama mzee wenu anaishi upande wa Jamhuri, achaneni nalo kabisa.

Zipo njia zisizo na miiba. Shirikisho la michezo la Ireland, Federation of Irish Sport, hutoa kila mwaka tuzo za watu wanaojitolea katika michezo, na mapendekezo hutoka kwa watu wa kawaida kama wewe. Volunteer Ireland nayo ina tuzo zake kwa wanaojitolea katika nyanja zote. Halmashauri ya kaunti inaweza kumwalika kwenye mapokezi rasmi. Diwani mmoja akikubali kulileta, kazi imekwisha nusu. Bodi ya ngumi ya kaunti na ile ya mkoa zina zawadi zao. Nionavyo mimi, kwa mzee wa ngumi plaketi ya bodi ya kaunti ina uzito kuliko tuzo ya taifa inayotolewa hotelini Dublin kati ya mcheza gofu na mwogeleaji, kwa sababu waliomzunguka siku hiyo ni watu waliowahi kubishana naye juu ya pointi. Sifa ya mpinzani ndiyo anayoiamini.

Angalieni tu jukwaa lisiwe la wagombea. Chama cha IABA kimepitia mvutano mkali miaka ya karibuni juu ya nani akae kwenye bodi yake: watu waliochaguliwa na klabu, au wataalamu wa kutoka nje, jinsi Sport Ireland, wakala wa serikali unaotoa ruzuku, ulivyotaka. Maumivu bado yapo. Kiongozi akipewa kipaza sauti kwa dakika tano atamsifu mzee kwa moja na kujitetea kwa nne. Mpe dakika mbili, na aliyepangwa nyuma yake awe mtoto wa miaka kumi. Hakuna atakayethubutu kumchelewesha mtoto.

Sasa kazi ambayo ningependa uishike wewe mwenyewe, kwa sababu inahitaji subira na haina ugomvi: kumbukumbu. Kila bondia wa ridhaa ana kitabu chake, daktari anaandika humo na matokeo yanaandikwa humo. Vitabu vya zamani vimo kwenye droo za watu mji mzima. Kuna karatasi za kupimia uzito, programu za mashindano, vipande vya gazeti la kaunti. Na kuna picha, mamia ya picha, ambazo mzee anajua kila uso na hakuna mwingine anayejua. Kaa naye. Washa simu irekodi sauti. Mwekee picha moja moja mezani aseme nani ni nani, mwaka gani, ukumbi gani, nani alishinda na nani aliibiwa. Andika kwa penseli nyuma ya kila picha. Ukimaliza, piga nakala zote uzipeleke maktaba ya kaunti. Maktaba hizo zina kitengo cha historia ya eneo na hupokea vitu vya namna hii kwa furaha.

Mtu akikaa saa nzima anaulizwa na mgeni kuhusu maisha yake, na mgeni anaandika, anaelewa kwamba ameonekana. Wairishi hawapendi kusifiwa usoni, lakini kusimulia wanapenda mno. Utapata hadithi zaidi ya unazohitaji, na nyingine utazizika hapohapo kwa usalama wa ndoa za watu.

Humo kwenye picha utaanza kuwaona wengine. Yule anayeshika kengele na saa. Yule mama anayekata sandwichi nyuma ya ukumbi kwa watu mia mbili. Katibu aliyeandika kwa mkono fomu za usajili kabla ya kompyuta, na aliyejua tarehe ya kuzaliwa ya kila mtoto. Dereva wa basi dogo. Waamuzi waliotukanwa. Wengi wa hao wa nyuma walikuwa wanawake, katika mchezo ambao haukuwaruhusu kupanda ulingoni, na majina yao hayamo kwenye plaketi. Sherehe ya kocha ni nafasi ya kuyasema. Usifanye orodha ndefu. Chagua watatu wanne, waite wasimame, eleza kila mmoja alifanya nini hasa. Mkewe awe wa kwanza. Na kama unataka kutoa kitu cha kwenu, mletee mama huyo kanga. Chagua maneno mazuri, Wema Hauozi kwa mfano, umtafsirie sikioni wakati unamfunga. Hiyo haitamnyamazisha mtu.

Kuhusu usiku wenyewe sina mengi. Ukumbi wa klabu ni bora kuliko hoteli hata kama paa linavuja. Watoto waonyeshe mazoezi dakika kumi. Chai, sandwichi, bahati nasibu. Bila bahati nasibu Mwairishi hajui kama sherehe imeanza. Atataniwa, na utani utakuwa mkali hadi utajiuliza kama wanampenda. Wanampenda. Wewe ukipewa nafasi ya kusema, usisome itifaki ya waheshimiwa wote kama kwetu. Simama, sema mtoto wako alikuwaje siku ya kwanza na yukoje leo, kaa chini. Fanyeni akiwa na nguvu zake. Nchi hii inajua sana kuzika: vijana wa klabu wanapanga mistari miwili na suti zao za mazoezi, kengele inapigwa mara kumi kabla ya mashindano yanayofuata, kanisa linafurika. Nimesimama kwenye mistari hiyo nikasikia juu ya jeneza mambo mazuri ambayo mwenyewe hakuwahi kuambiwa, na nilikasirika.

Nimebakiza kitu kizito zaidi. Muulize mzee faraghani nini kinamkosesha usingizi. Nakubashiria hatataja tuzo. Atakuambia hajui nani atafungua mlango Jumanne ya kwanza baada ya yeye kuondoka. Klabu za namna hii hazifi kwa kukosa watoto, zinafa kwa kukosa watu wazima watatu. Mkimpa plaketi halafu klabu ikafungwa baada ya miezi minane, atakuwa ameaga mara mbili.

Kwa hiyo kabla ya usiku wa sherehe kamati yenu iwe na majina. Kocha mpya anahitaji kozi ya chama na cheti. Yeyote atakayekuwa na watoto lazima akaguliwe rekodi yake ya makosa, upande wenu kupitia Garda, polisi wa Jamhuri, upande wa Kaskazini kupitia AccessNI, kitengo cha serikali cha ukaguzi huo, na ahudhurie mafunzo ya ulinzi wa mtoto. Klabu lazima iwe na afisa wa watoto. Hayo yote yanachukua muda, hayafanyiki kwa wiki moja. Anzeni sasa ili mzee amkabidhi mtu aliyekamilika, na apate msimu mmoja wa kusimama pembeni akimkosoa.

Na yeye msimtupe. Klabu nyingi zina nafasi ya rais wa klabu, tofauti na mwenyekiti: hana kazi za ofisi, ana kiti chake, na watoto wanamsalimia. Mwambieni aendelee kuja Alhamisi kuangalia miguu ya wadogo, maana jicho lake kwa miguu halitazeeka. Ila kocha mpya awe ndiye wa mwisho kusema, na mzee aambiwe hivyo mapema, na mtu anayemheshimu. Nimeona klabu ikigawanyika kwa sababu aliyestaafu hakustaafu.

Nikuulize na wewe, dada. Watoto wako wako pale jioni tatu kwa wiki, na wewe umekaa kwenye gari unaangalia simu. Klabu za ngumi za kisiwa hiki siku hizi zimejaa watoto wa kutoka kwetu, Kongo, Nigeria, Poland, Brazil; ila kwenye kamati, kwa ninavyoona, bado ni majina yaleyale ya zamani, na si kwa sababu wanatukataa, wengi wetu hatujawahi kunyoosha mkono. Nafasi ya afisa wa watoto haihitaji kujua ngumi hata moja. Inahitaji mtu ambaye watoto wanamwamini na wazazi wanampigia simu. Walikuweka kwenye kamati ya kumuaga. Hiyo ni dalili nzuri.

Wiki hii mpigie katibu wa bodi ya kaunti umuulize tarehe za mashindano ya msimu ujao, msije mkagongana na fainali za Dublin mkakosa nusu ya wageni. Kisha zungumza na binti wa mzee, kama anaye, kabla ya kuzungumza na mtu mwingine yeyote.